Nilivyomkumbatia Fadhila Sanyuanli

Jamani, sina uso tena. Nimeuacha leo mchana mtaani Sanyuanli, kwenye karakana ya sanamu za jasi.

Mnajua wazee wangu wamepeleka posa kwa kina Salma. Baba yake, Mzee Haroub, yuko huku Guangzhou, Uchina, anasafirisha mizigo ya watu, na amesema hatoi jibu mpaka aitazame tabia yangu. (Tabia ninayo. Niliamini hivyo mpaka adhuhuri.)

Basi Shangazi Mwanaidi, aliyekuja kununua vifaa vya nyumba anayoijenga Dar es Salaam, akanichukua nimchagulie nguzo za baraza. Nilipoziona zimejipanga safu, nyeupe, nyofu, bila urembo, nilienda kuishika mojawapo. Mnaikumbuka maktaba ya zamani? Zile nguzo tulizoegemea alasiri tukisomeana hadithi zetu mbovu, tukiapa kuandika kweli tupu? Pale ndipo nilipojua kwamba jengo linaweza kumwambia mtu asimame wima.

Nikamhutubia shangazi. Kwamba Wazungu waliouanzisha mtindo huu waliwatazama Wagiriki na Warumi wa kale, wakaamini umbo tulivu humfunza mtu uadilifu. Nikamwonyesha sanamu ya mwanamke iliyosimama kati ya nguzo. "Huyu ndiye Fadhila."

Shangazi akamtazama kifuani. "Fadhila ndiyo inatoka nje hivi?"

"Shangazi, hili ni wazo."

"Wazo gani lina matiti?" Akatoa kanga mkobani, akamfunika, fundo nyuma ya shingo. "Haya, sasa tunaweza kuzungumza."

Laoban, mwenye karakana, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa naitetea sanaa. Nikaivuta kanga kwa mbele.

Fundo la shangazi halifunguki kwa kuvutwa. Fadhila akaja nayo, mzima mzima. Nikamdaka, mikono kiunoni, shavu kifuani. Nikaganda hapo, maana ningemwachia angevunjika.

Bado ningenusurika. Lakini ile kanga ilinukia udi, na mimi sijanusa udi tangu nitoke nyumbani. Nikauona ua wetu, mama ameinama anafukiza nguo za Ijumaa, redio inaimba kwa jirani. Nikafumba macho. Nikavuta pumzi ndefu.

"Assalamu alaykum," sauti ikasema mlangoni.

Mzee Haroub. Amekuja kupima mzigo wa shangazi.

"Waalaykumu salaam," nikajibu, mdomo umezama kwenye kanga.

"Usisumbuke, mwanangu. Naona una mgeni."

Shangazi akawahi kunitetea. "Mzee, huyu alikuwa anaanguka."

"Yupi kati yao?"

Akapima nguzo za shangazi, akaaga kwa adabu zote, akasema jioni atapiga simu Unguja azungumze na mama yake Salma.

Msinicheke, nawaomba. Na aliye Unguja akaisoma hii kabla ya jioni, akimbie kwa kina Salma akaseme kwamba yule mwanamke ni wa jasi.