Masale Kando ya Korongo

Jumatatu, 4 Mei 1998
Fredy wangu ameandika sheria! Sheria nzima! Salamu baadaye. Ikipita, Manispaa itakuwa na nguvu ya kutoza kila nyumba mchango wa mafuriko, kuchimba mitaro na kumbana anayetupa takataka korongoni. Mwanangu! Fredy anasema yeye ni karani, alipiga taipu tu, wakubwa ndio walioandika. Unyenyekevu huo kautoa kwangu.
Jumamosi ataisoma mbele ya mtaa. Watu wakiikataa, basi tena. Na mvua za juzi zilitukuta kitandani, sufuria zinaelea. Haikataliwi!

Jumanne, 5 Mei
Nimechungulia karatasi za Fredy akiwa anaoga. Ukurasa wa pili: ukingo wa korongo utajengwa kwa mawe. Mawe! Ukurasa wa tatu sikuufikia, nikasikia kopo linagonga ndoo tupu.
Kati ya shamba langu na korongo pana kipande hakina mwenyewe. Jirani yangu Mektrida hufungia mbuzi wake hapo. Yaani ukuta wa serikali uwe wa mbuzi wa Mektrida? Thubutu! Kesho alfajiri Kirua Vunjo kwa kaka, kuchukua miche ya masale ya kupandia mpaka.

Jumatano, 6 Mei
Masale arobaini! Nimeyapanda kwa kamba, mstari ulionyooka hadi majini. Mchagga gani ataling'oa sale la mpaka? Hata mlevi huyazunguka. Mektrida akapita, akaniuliza siku hizi hata korongo nimelizaa mimi. Nikamwambia mpaka huo ni wa marehemu baba mkwe. Akafungua mbuzi wake, akaenda zake. Nimeshinda! Kukubali upesi hivyo kumenikera kidogo.

Jumamosi, 9 Mei
Uwanja wa shule umefurika. Fredy kavaa suti ya binamu yake, imembana, lakini kampita diwani kwa mbali. Nikapiga vigelegele kila kifungu, hadi mwenyekiti wetu, mzee Ebenezeri, akaniomba nipumzike. Ilipofika mchango, watu wakaguna. Sheria ilikuwa inaanguka! Nikasimama nikawauliza maji yale yaliingia nyumbani kwa Fredy peke yake? Mikono ikapanda. Imepita!
Kisha ukurasa wa tatu. Ardhi ya mtu ikifika majini, atazoa mchanga na takataka upande wake kila mwezi, kwa nguvu zake. Pasipo na mwenyewe, Manispaa itazoa. Mektrida akanyoosha kidole. Sauti ya kwaya kabisa. Eti kile kipande chenye masale mapya ni cha nani? Uwanja mzima: cha mama Fredy!
Nikasema yamejiotea. Mzee Ebenezeri akasema, mama, masale hayajioteshi kwa kamba. Mektrida akadakia: basi ayang'oe, tunamwona. Kung'oa mpaka wa baba mkwe mbele ya watu wote! Sikuweza. Na mwanangu wa kumzaa akaliandika jina langu mwanzo kabisa wa orodha ya wazoaji. Mwandiko mzuri, lakini.

Jumapili, 10 Mei
Nimeshuka korongoni. Hatua thelathini, mchanga hadi magotini, na tairi la lori katikati. Mgongo umeuma kwa kutazama tu.
Lakini nina akili, jamani! Namfanyia Fredy sherehe. Mtori wa ndizi, pombe ya mbege, na mbuzi wa kuchoma. Baada ya ibada nimetangaza: waje wote, wasivae vizuri, na kila mtu aje na jembe, kama wazee wa zamani. Mektrida kauliza jembe la nini kwenye sherehe. Nikamwambia la kuchezea ngoma. Kacheka sana, kasema atakuja mapema. Hajashtukia hata kidogo!
Halafu nimeona ng'ambo ya korongo nako pana kipande kizuri, hakina mwenyewe. Nitashughulikia. Kwanza sherehe: Jumamosi, tarehe 16 Mei, saa nne asubuhi, mtaa mzima kwangu.