Kipa Afungwa Mabao Tisa

Jumatatu, 6 Mei
Balaa! Baba mkwe anakuja maktabani Ijumaa kusoma habari za marehemu baba yangu, kipa. Nilimwambia alikuwa simba langoni. Nimelifungua gazeti lenyewe kwenye kompyuta yetu ya kumbukumbu: "Kipa afungwa mabao tisa." Si neno. Fundi wa kompyuta hapa ni nani? Nimefuta herufi moja. Sasa: "Kipa afunga mabao tisa." Mambo shwari.

Jumanne, 7 Mei
"W" imerudi! Mkutubi Mkuu kanieleza kwa fahari: maktaba saba zina nakala zilezile, na kompyuta zake huulizana. Yenye neno tofauti hupigiwa kura, ikishindwa hurekebishwa. (Siku ya mafunzo nilisinzia.) Nikauliza, kama mzaha, je, mwizi akija na kompyuta nyingi? Akasema mgeni hasikilizwi mpaka azoeleke. Tutaona.

Jumatano, 8 Mei
Nimefufua kompyuta mbovu za stoo, nikazibandika majina ya maktaba za uongo ili zinipigie kura. Zote zikaanza kuwahoji wenzetu kwa mpigo. Hakuna aliyejibu. Mchana tukatengwa: tunashukiwa kuwashambulia! Mkutubi nusura alie. Magazeti yetu yakiharibika sasa, hakuna wa kuyaponya. Miwani, fundi wa maktaba ya chuo, mojawapo ya zile saba, kapiga simu kunipa pole. Pole gani ya kucheka?

Alhamisi, 9 Mei
Lakini! Aliyetengwa harekebishwi. Nimeing'oa tena "w". Haijarudi. Kila baya lina jema lake.

Ijumaa, 10 Mei
Mkutubi kakataa mgeni asome nakala inayoshukiwa. Tukampeleka chuoni. Miwani akasoma kwa sauti, polepole, "w" ikasikika hadi koridoni. Aibu! Akateremka mstari wa pili: "Avunjika mguu, akataa kutoka." Sikuwahi kufika huko chini. Baba mkwe akavua kofia. Akasema siku ile alikuwa uwanjani, na mashabiki wa pande zote mbili walimbeba baba yangu mabegani. "Nilitaka nilione tena neno hilo kabla sijafa, mwanangu." Machozi yakanitoka. Nikasingizia vumbi.

Jumamosi, 11 Mei
Mkutubi kaziomba radhi maktaba zote. Tutarudishwa, chini ya uangalizi wa Miwani! Mezani leo mashemeji wote walikuwa wananisikiliza, nikajikuta nasema baba alivunjika miguu yote miwili. Baba mkwe kashangaa. Anataka kurudi asome vizuri. Si kazi. "Mguu" inahitaji "i" moja tu, na safari hii nitaanzia kwenye nakala ya Miwani.