Malalamiko Kuhusu Profesa na Fahali wa Ukutani Kwangu

Bucha ya Katoo,
Kitengela.

Kwa Mkuu wa Kitivo cha Sanaa,

Mheshimiwa,

Naandika kwa heshima na kwa uchungu. Profesa wenu wa historia ya sanaa, Bi. Waruguru, anajitolea kupita kiasi. Kila Jumamosi anakuja uani kwangu kufundisha watu kutazama picha, bila malipo. Nilimpa nafasi nikidhani wanafunzi watanunua nyama. Sasa sina raha.

1. Hawali. Mama mboga, fundi wa kuchomelea na wafugaji wanakodolea macho michoro ya Ulaya hadi mbavu nilizochoma zinapoa. Profesa akimaliza, wanapiga makofi na kwenda zao.

2. Picha za Ulaya zilipoisha, aliwapeleka mbele ya bucha, kwa fahali aliyechorwa ukutani na Kitheka, fundi wa mabango. Miaka sita fahali yule amekaa pale bila kusumbua mtu. Profesa akawaambia kwamba mchoraji mzuri huchora alichokiona, kwa hivyo watazame polepole, waanzie masikioni.

3. Mheshimiwa, Wamaasai hawaambiwi watazame masikio ya ng'ombe! Kila boma lina mkato wake wa sikio, alama ya mifugo yake. Baba mkwe wangu, mzee Lemein, ambaye profesa alimwalika na kumpa kiti cha mbele, alisimama, akashika ukuta, akasema, "Huyu ni wangu." Fahali wake alipotea wakati wa ukame, miaka hiyo hiyo sita iliyopita.

4. Badala ya kumtuliza mzee, profesa alimpongeza kwa kuwa na jicho kali. Darasa zima likanigeukia.

5. Mke wangu Nasieku amechukua watoto, amerudi kwa babake huko Kimuka mpaka nieleze. Nyumba imekuwa kimya, na inaniuma. Nieleze nini? Kitheka alichora mambo ya kichwani mwake. Mimi fahali huyo sijawahi kumtia machoni.

Kwa hayo, naomba mumrudishe profesa chuoni, mumpe mitihani mingi ya kusahihisha, na mnipe barua yenye muhuri kwamba picha si ushahidi wa chochote.

Wasalimieni walimu wote, na wapishi wa chuo, ambao najua hawana lawama.

Wenu mpenda elimu,
Katoo

N.B. Tena profesa ana makosa. Fahali yule alikuwa na doa jeupe kwenye paji la uso, na Kitheka alilisahau. Nakumbuka vizuri, maana ni mimi niliyemshika pembe akichorwa.