Mfalme Chini ya Meza

Jumatatu, 5 Januari
Ifahamike kwa vizazi vijavyo: mwaka huu taji la karatasi ya dhahabu litakaa juu ya kichwa changu, mimi Anselme Gourdin, mstaafu wa posta. Ijumaa klabu ya wastaafu inakula keki ya wafalme, ile ya lozi yenye kiharage cha kauri ndani. Apataye kiharage ni mfalme. Mfalme huchagua malkia. Wangu ni Odile, mjane wa fundi saa. Miaka mitatu nimeshindwa kumwambia neno. Taji litanisemea.

Kikwazo: Léonce Barbotin, aliyekuwa muuza viatu. Mwaka jana alikipata yeye, akambusu Odile mashavu yote mawili kama anayegonga mihuri. Na mihuri ni kazi yangu!

Jumanne, 6 Januari
Mpango. Mdogo kuliko wote huingia chini ya meza. Mkataji huuliza kila kipande ni cha nani, naye aliye chini hutaja jina bila kuona. Mdogo wetu ni Firmin, miaka sitini na miwili, lakini amepasuliwa goti. Nafasi iko wazi! Mkataji ni dada yangu Huguette. Kisu kikigusa kauri, atagonga meza mara mbili, nami nitajitaja. Aliniuliza kama sioni haya kwa umri huu. Kisha akadai kipande changu cha keki kama malipo. Nimekubali. Ndugu wa damu!

Alhamisi, 8 Januari
Léonce naye anajidai mdogo. Sisi wawili sote tuna miaka sitini na saba. Nikaenda klabuni na kitambulisho: mimi wa Novemba, yeye wa Machi. Akanikagua toka juu hadi chini, akasema haya mwanangu, ingia, ila usitafune zulia. Wakacheka wote. Odile pia. Cheka tu, malkia.

Ijumaa, 9 Januari
Nimeingia. Magoti yalilia kama mlango wa ghala. Viatu, viatu, soksi ya Firmin yenye tundu. Kisha mguu wa Odile. Bila kiatu. Juu ya kiatu cha Léonce. Haukuwa umeteleza. Ulikuwa umetulia pale, kama paka kwenye kiti chake.

Hapo hapo Huguette akagonga. Mara mbili. Akauliza hiki cha nani. Kinywani mwangu kulikuwa na jina moja tu, la kulaani, nalo likatoka kwa ukelele: Léonce!

Nilipotambaa nje Léonce alikwisha kuvaa taji. Odile alikuwa anavaa kiatu. Huguette akaninong'oneza: kaka, wewe ni punguani uliyekamilika. Akala kipande changu.

Jumapili, 11 Januari
Nimetafakari. Sakafu ya ukumbi ni baridi. Mguu wenye baridi hukaa popote, hata juu ya mbwa. Hakuna ushahidi.

Jumatatu, 2 Februari
Siku ya chapati za maji. Unarusha ya kwanza kwa mkono mmoja, wa pili umeshika sarafu. Ikitua vizuri kikaangoni, mwaka wako una heri. Nilirusha nikimuwaza Odile. Iko juu ya kabati.

Si neno. Mwakani naingia tena chini ya meza, safari hii macho nimeyafumba. Hawatanipata!

Huguette amepita kuazima kikaango. Nikamsimulia mpango. Akasema Odile na Léonce walifunga ndoa Jumamosi. Keki ya harusi alikata yeye, Huguette.