Kuuruka Mkokoteni wa Mselem

Jumapili, 11 Novemba 1956

Wiki moja tu! Mzee Abrahamu, mzee wa kanisa, baba yake Beatrisi wangu, amepokea barua ya posa kutoka kwa Tadeo. Atajibu Jumapili ijayo jioni. Nilikwenda kujieleza kwamba nami namtaka. Aliitikia shikamoo yangu huku akiitazama pikipiki yangu nje, kisha akasema binti yake hataolewa na mtu aliyepitwa na punda.

Kweli nilipitwa. Mara moja! Barabara ya Ngamiani, plagi ilikuwa chafu, na mkokoteni wa punda wa Mselem mchukuzi haukuwa na mzigo. Tangu siku hiyo mtaa wetu wote wa Makorora unaniita Bwana Tangulia.

Dawa ya moto ni moto. Nitauruka mkokoteni uleule, kwa pikipiki ileile, hadharani. Leo saa kumi alasiri nimekwenda ufukoni kupima. Bahari iko mbali, mchanga mgumu. Pikipiki imekimbia kuliko siku zake zote. Nimetangaza papo hapo: Jumapili ijayo, saa kumi, mahali hapa. Wavuvi wawili wamecheka. Nadhani wamefurahi.

Jumatatu, 12 Novemba

Sayansi. Nimerusha ndimu kwa manati, kila mara nikivuta sawasawa. Nikilaza manati, ndimu inaanguka karibu. Nikielekeza juu sana, inaanguka karibu pia, tena juu ya Bi Mwanaasha, mwenye nyumba wangu. Nikielekeza katikati, kati ya kulala na kusimama, inafika mbali kabisa. Basi mwinuko wangu utakuwa wa katikati. Kwetu milimani Lushoto mwalimu aliniambia sina kichwa cha hesabu. Laiti angekuwapo!

Bi Mwanaasha amenidai radhi na ndimu zake.

Jumanne, 13 Novemba

Mbao hakuna. Nimeng'oa mlango wa chumba changu, chini nikapanga magunia ya makapi ya mkonge. Mwinuko safi. Nimejaribu polepole uani. Gurudumu la mbele limegonga mlango kama ukuta, mimi nikaendelea peke yangu. Tatizo nimeliona: ndimu haina gurudumu la mbele. Nimepunguza magunia.

Kuku wa Bi Mwanaasha amelala kitandani kwangu.

Alhamisi, 15 Novemba

Mselem amekubali kuniazima mkokoteni, punda hapana. Anasema punda wake ana heshima yake mjini.

Tadeo amepita na baiskeli yake yenye taa. Mpole, mpole mno. Ameuliza nimehesabu nitatua wapi. Nimemjibu kwamba nahesabu kupanda. Kushuka kila kitu kinajua chenyewe. Ameondoka akitikisa kichwa. Wivu huo.

Ijumaa, 16 Novemba

Beatrisi! Nimekutana naye bombani. Amesema yeye hamtaki Tadeo. Baba yake analainika, ila nisiruke kitu chochote. Jumapili niende kanisani kwa miguu, nikae karibu na wazee, nitulie kama mtu. Baada ya ibada yeye atamwomba baba yake anisikilize. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa.

Sijalala. Anipende kwa kukaa tu? Tadeo naye anajua kukaa. Nataka anione hewani.

Jumamosi, 17 Novemba

Bi Mwanaasha ameniuliza kama nimeutazama mwezi. Nikamjibu sifungi Ramadhani. Akasema kwao Pemba hata mtoto anajua bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na kwamba kesho si kama Jumapili iliyopita. Namheshimu kama mama, lakini mambo ya pikipiki ameyajulia wapi?

Jumapili, 18 Novemba

Saa nne asubuhi, kengele ya kanisa ilikuwa inalia nami niko ufukoni. Nilisita. Nilitaka kwenda, kweli nilitaka. Lakini mchanga ulikuwa mpana kuliko wiki iliyopita, bahari imekwenda mbali mpaka huruma! Nikapanga magunia, mlango, mkokoteni, vyote kule mbali penye mchanga mgumu. Nikaenda kula bada, ugali wa muhogo, nikalala kidogo.

Saa kumi nimerudi. Bahari imefika barabarani. Mlango wangu unaelea ukielekea Pemba. Mkokoteni unazunguka majini. Na watu! Makorora yote, Mzee Abrahamu na mwavuli wake, Beatrisi nyuma yake, macho mekundu.

Nikirudi nyuma nimekwisha, nikawaza. Nikawasha, nikaingia. Pikipiki ilikohoa mara mbili, ikanyamaza, maji kifuani.

Mselem alitukokota wote, mkokoteni na mimi na pikipiki. Akamfunga punda, akatupakia, tukapita Ngamiani nzima. Watoto hawasemi tena Bwana Tangulia. Wanasema Bwana Mzigo.

Jioni Mzee Abrahamu amemjibu Tadeo: ndiyo. Beatrisi ameniletea ujumbe kwamba aliniwekea nafasi kwenye benchi mpaka ibada ikaisha. Nimelia kidogo. Moyo unauma.

Jumatatu, 19 Novemba

Nimewaza usiku kucha, kosa nimelipata. Magunia! Nilipunguza mno. Mwinuko ungekuwa mrefu, maji yasingeufikia.

Uchumba wa Tadeo utasherehekewa Jumapili, tarehe mbili Desemba. Nafasi bado ipo! Nimetangaza sokoni: siku hiyo, saa kumi, mahali palepale. Bi Mwanaasha amesema baada ya wiki mbili maji ya saa hiyo yatakuwa haya haya. Sibishani na mtu aliyepotelewa na mlango.

Nimeupima wa jikoni kwake. Ni mrefu kuliko ule.