Shemeji, Nirudishie Kompyuta Yangu Mbovu

Kwa Shemeji mpendwa, mleta mifumo,

Yahusu: Kompyuta yetu kupona bila idhini yangu

Salamu kwanza, lawama baadaye. Sisi wazima, kompyuta nayo nzima, na hapo ndipo ugomvi ulipo.

Unakumbuka ulikuja na flashi yenye mifumo endeshi mitatu, yote ya bure, ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua aone ilivyotengenezwa. Ukasema tuijaribu mmoja mmoja bila kufuta ule wa zamani, kisha nyumba nzima ipige kura. Kura! Nyumbani kwangu! Mimi nikachagua ule wenye skrini nyeusi na maandishi matupu, kwa sababu hakuna mwingine ambaye angeuelewa. (Hata mimi sikuuelewa, lakini hilo lingebaki siri yangu.) Dada yako, binti yangu na mama yenu wakachagua ule wa kijani, eti kitufe cha kuzimia kinaonekana. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa wamekutana na wewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Cheo. Miaka yote mimi ndiye niliyeitwa Injinia hapa. Kompyuta ikiganda, watu walitoka chumbani, nikafunga mlango, nikachomoa waya, nikaipigapiga ubavuni, kisha nikatoka najifuta jasho. Chai yangu ilikuwa ya kwanza kumiminwa. Sasa haigandi. Hakuna anayeniita, na chai najimiminia mwenyewe.

2. Printa. Ilikuwa haimsikii mtu ila mimi. Siku hizi dada yako akitaka kuchapisha michoro ya magauni anayoshona, anabonyeza tu, inatoka. Haina hata haya.

3. Michezo. Nilitegemea mfumo wa bure utaikataa, nipate la kusema. Imekubali karibu yote! Umegoma mmoja tu, ule wa kurushiana risasi mtandaoni, nao ndio pekee niliokuwa nashinda.

4. Hili ndilo lililonikalisha kuandika. Mama yako mzazi, muuguzi mstaafu, mkwe wangu ninayemheshimu, ambaye tulizoea kusalimiana huku tukitazama sakafu, sasa anacheza mbio za magari tangu asubuhi. Na ananikaribisha tushindane! Shemeji, niambie wewe, mkwe mwenye adabu anampitaje mama mkwe kwenye kona? Kwa hiyo namfuata nyuma kwa heshima zote, mbio baada ya mbio, kama dereva wa msafara. Binti yangu ameanza kuniita Konokono. Kutoka Injinia hadi Konokono, kwa ajili ya kiflashi kisichozidi ukucha!

Basi naomba kwa unyenyekevu uje urudishe mfumo wa zamani, pamoja na virusi vyake vyote. Kama vimepotea, nitafutie vingine. Ukishindwa, weka ule wa skrini nyeusi, na nenosiri uniachie mimi peke yangu. Nataka nyumba hii inihitaji tena. Basi, nimesema.

Wasalimie wote huko, wakubwa kwa wadogo, hata yule jirani yako anayejibu maswali ya kompyuta bila kuringa.

Ni mimi shemeji yako,
Injinia, mstaafu kwa lazima

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, Mama amepita nyuma yangu akaisoma yote kwenye skrini, maana herufi amezikuza mwenyewe. Akasema, "Mbio hazina mkwe, baba. Nipite kama unaweza." Nimempita kwenye kona ya mwisho, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Tangu ahamie kwetu baada ya Mzee kututoka, sikuwahi kumsikia akicheka. Usiguse kitu. Ukija, njoo na pedi ya pili ya kuchezea, kwa sababu hii tuliyonayo haitoki mkononi mwake, na mimi nashindana kwa kibodi.