Foleni ya Mbwa na Wanaume

Jumatatu, 4 Mei
Bado nalala kwenye benchi la jikoni. Loreta aliponea chupuchupu alipojifungua mtoto wetu wa sita Februari, na tangu hapo amesema sirudi kitandani mpaka nifunge uzazi. Wanawake! Jumamosi gari la uzazi wa mpango linakuja. Nesi Felisa amenionya, kwa kuwa mimi ndiye diwani wa afya: wanaume wasipojitokeza, gari halirudi tena. Mwaka jana hakuja hata mmoja. Mimi nilikuwa na mafua.

Jumatano, 6 Mei
Nimepata wazo! Wanaume wa hapa humkwepa nesi, lakini daktari wa mifugo akija kuhasi mbwa bure, wanakuja wote. Basi nimewaita wote wawili siku moja, uwanja wa mpira wa kikapu, mahema mawili, foleni moja. Diwani Erning, mwenye watoto wawili na sakafu ya vigae, akauliza kama nimefikiri vizuri. Wivu tu.

Ijumaa, 8 Mei
Nimezunguka kijiji kizima na kipaza sauti juu ya pikipiki. Waje na mbwa wao, huduma zote bure, haziumi. Padri alifunga dirisha. Loreta akauliza kama na mimi nitapanga foleni. Nikamjibu kwamba kiongozi hutangulia. Akacheka, mara ya kwanza tangu Februari. Niliona aibu kidogo, kisha ikapita.

Jumamosi, 9 Mei
Uwanja umejaa! Nesi Felisa alifundisha na kielelezo chake cha mbao. Vijana waliuliza mambo ambayo mimi, baba wa sita, nilikuwa siyajui. Nikaitikia kwa kichwa. Kisha mbwa wa kwanza akatoka hemani, anayumba, ulimi nje, bandeji nyuma. Foleni nzima ikamtazama. Kisha ikalitazama hema la pili, la nesi. Mzee Tasyo akasema taratibu, "Jamani, hii foleni inaishia wapi?"

Walikimbia wakaacha mbwa. Mimi sikukimbia. Nilikwenda kukagua vyoo, kijiji cha pili.

Niliporudi, Erning alikuwa ametoka hema la pili, anakula tambi, anawaambia watu ni kama kuumwa na siafu. Wanaume kadhaa walikuwa wamemfuata. Nesi anasema gari litarudi. Erning kapigiwa makofi! Kwa wazo langu!

Jumapili, 10 Mei
Kumbe jana Loreta naye aliingia hemani, akawekewa kijiti cha kuzuia mimba mkononi. Alichoka kunisubiri, anasema. Nikafurahi, nikabeba mto wangu kwenda chumbani. Upande wangu wa kitanda nikamkuta mbwa wetu Bantay, na bandeji yake.

Loreta hakuinua hata macho. "Huyu aliingia hemani mwenyewe, baba Dodoy. Hakushikwa na mtu."

Naandika haya benchini. Bantay anakoroma. Kosa nimeshaliona: tulianza na mbwa. Mwaka ujao tutaanza na nguruwe.